Haki ya Jicho: Théodore Rousseau, Joy Adamson na Swali la Mandhari katika Meru na Embu

Neno mandhari limezoeleka katika uhakiki wa Kiswahili kiasi kwamba ni nadra kuulizwa lilikotoka. Mwanafunzi wa fasihi hufundishwa kwamba mandhari ni mahali na wakati wa matukio; huandika aya moja kuhusu mandhari, akaifunga, akahamia kwa wahusika. Lakini neno hilo, ambalo asili yake ni Kiarabu, limejengwa juu ya mzizi wenye maana ya kutazama, mzizi uleule uliokizalia Kiswahili neno nadharia. Mandhari na nadharia, basi, ni ndugu wa tumbo moja. Kwa asili mandhari si mahali tu, bali ni mahali panapotazamwa. Kila penye mandhari pana mtazamaji, na mtazamaji huyo amesimama mahali fulani, mara nyingi nje ya kile anachokitazama.

Hapo ndipo panapozuka swali la kimaadili ambalo uhakiki haujalishughulikia ipasavyo. Je, kukitazama kitu kwa upendo kunampa mtazamaji haki gani juu ya kitu hicho? Na haki hiyo ikigongana na haki ya yule anayeishi ndani ya kinachotazamwa, anayekatia humo kuni na kulishia humo mbuzi wake, ni ipi itakayotangulia? Makala haya yanalichunguza swali hilo kupitia maisha ya wachoraji wawili ambao hawakupata kuonana: Mfaransa wa karne ya kumi na tisa aliyechora misitu, na mwanamke mzaliwa wa Silesia aliyechora watu wa Kenya na ambaye majivu yake yamo katika ardhi ya Meru.

Théodore Rousseau, ambaye hapaswi kuchanganywa na mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau aliyemtangulia kwa karne moja, alizaliwa Paris mwaka 1812, mtoto wa mshona nguo mwenye duka. Alipoanza kujifunza uchoraji, mandhari yalikuwa na hadhi ya chini katika sanaa rasmi ya Ufaransa. Juu kabisa palikaa picha za historia na za dini. Mti, mto au jabali viliruhusiwa kama pazia la nyuma, mradi mbele yake pawe na shujaa wa Kirumi au binti wa visasili vya Kiyunani. Rousseau alikataa masharti hayo. Mwaka 1830, akiwa kijana wa miaka 18, alikwenda Auvergne, eneo la milima ya kati ya Ufaransa, akachora milima bila shujaa. Alitaka mti uwe mti, wenye magome yake, maradhi yake na umri wake.

Gharama ya msimamo huo ilikuwa kubwa. Mwaka 1836 waamuzi wa Salon, yaani maonyesho rasmi ya Paris ambayo ndiyo yaliyomjenga au kumbomoa mchoraji, waliikataa picha yake kubwa ya ng'ombe wanaoteremka kutoka malisho ya milima ya Jura. Wakaendelea kuzikataa kazi zake miaka iliyofuata, hata akaacha kabisa kuzipeleka. Wenzake wakampa jina la utani la mkataliwa mkuu. Ni baada ya mapinduzi ya 1848, utawala wa kifalme ulipoanguka na taratibu za maonyesho kubadilishwa, ndipo mlango ulipomfungukia tena. Kwa wakati huo alikuwa amekwisha kufanya Barbizon kuwa makao yake. Hiki ni kijiji kidogo kilicho ukingoni mwa msitu wa Fontainebleau, na wachoraji waliokusanyika hapo, Jean-François Millet akiwa mmoja wao, wamekuja kuitwa kwa jina la kijiji hicho. Rousseau alipata heshima kubwa katika Maonyesho ya Ulimwengu ya 1855, akafariki Barbizon mwezi Desemba mwaka 1867.

Kwa mada hii, hata hivyo, kisa cha kukataliwa na kukubaliwa si kitu kikubwa. Historia ya sanaa imejaa visa vya namna hiyo, na wasomaji wa tasnifu wanavifahamu hadi vinachosha. La uzito zaidi ni kile Rousseau alichokifanya nje ya turubai. Mwaka 1847 alianza picha ya wakataji wakiangusha miti mikubwa, akaipa jina la Mauaji ya Wasio na Hatia. Jina hilo limechukuliwa moja kwa moja kutoka Injili ya Mathayo, pale Herode anapoamuru watoto wachanga wa Bethlehemu wauawe. Kwa kulitumia, mchoraji aliipandisha miti hadhi ikawa watoto, na waliokata wakawa askari wa Herode. Haya ni madai mazito ya kimaadili yaliyofanywa kwa maneno machache tu.

Mwaka 1852 madai hayo yaliiacha picha yakaingia ofisini. Rousseau, kwa niaba ya wasanii wenzake, alipeleka ombi kwa Duke wa Morny, waziri wa Napoleon wa Tatu, akitaka sehemu za msitu ambazo wachoraji walizitumia kama vielelezo vyao zilindwe dhidi ya shoka na dhidi ya misonobari ambayo idara ya misitu ilikuwa ikiipanda mahali pa mialoni ya kale. Ombi lilizaa matunda. Mwaka 1853 hekta 624 zilitengwa, na mwaka 1861 amri ya kifalme ikathibitisha hifadhi ya hekta 1,097 kwa sababu za kisanaa. Yellowstone, hifadhi ya Marekani ambayo vitabu vingi huianzishia historia ya uhifadhi, ilitangazwa mwaka 1872 tu. Kwa hiyo moja ya mizizi ya hifadhi ya kisasa imo katika macho ya wachoraji, kabla ya sayansi ya mimea na wanyama kuchukua usukani.

Uzuri wa tendo hilo hauna budi kukiriwa. Mialoni iliyosalimika ilisalimika, na aliyewahi kuona mti wa miaka mia tatu ukianguka kwa saa moja hahitaji kufundishwa kwa nini mtu aitwe Herode. Lakini msingi wa hoja unapaswa kuchunguzwa. Miti ilindwe kwa nini? Kwa sababu ni mizuri kwa macho. Macho ya nani? Ya wachoraji, na ya watu wa mjini waliokuwa wameanza kumiminika Fontainebleau kwa reli siku za mapumziko. Katika hesabu hiyo hakuwamo mwanamke wa Barbizon aliyehitaji kuni za majira ya baridi. Tayari sheria ya misitu ya 1827 ilikuwa imezibana haki za kale za wanavijiji wa Ufaransa za kuokota kuni na kulisha mifugo misituni, na katika Ariège, kusini mwa nchi, wakulima waliipinga kwa uasi wakiwa wamejifunika mashuka na kujivika mavazi ya kike ili wasitambuliwe. Adui wa Rousseau alikuwa mwanamisitu wa serikali, na hakuna sababu ya kumsingizia kwamba alimlenga mwokota kuni. Lakini mstari uliochorwa katika ramani kwa ajili ya jicho hauulizi aliyeshika tawi ni nani. Kwa mantiki yake, kila mwenye shoka ni Herode.

Ni mantiki hiyo iliyovuka bahari. Haikuja Afrika Mashariki kwa picha za Rousseau, bali kwa tabia ya kufikiri ambayo yeye na wenzake waliisaidia kuikomaza: kwamba ardhi nzuri kuliko zote ni ile isiyo na mtu anayeitumia, na kwamba anayeijua thamani yake ni mgeni aliyesimama na kuitazama.

Joy Adamson alizaliwa mwaka 1910 huko Troppau, mji ambao wakati huo ulikuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria, akaitwa Friederike Viktoria Gessner. Alifika Kenya mwaka 1937. Mumewe wa pili, mtaalamu wa mimea Peter Bally, ndiye aliyempa jina la Joy na kumtia moyo achore maua ya porini, na kwa michoro hiyo alitunukiwa nishani ya Grenfell na chama cha kifalme cha wakulima wa bustani cha Uingereza. Mwaka 1944 aliolewa na George Adamson, afisa wa wanyamapori aliyekuwa na kituo chake Isiolo, kaskazini ya Meru. Dunia inamkumbuka kwa sababu ya simba. Wanaosoma historia ya picha nchini Kenya wana sababu nyingine ya kumkumbuka: kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi katikati ya miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilimwajiri achore watu wa makabila ya Kenya, Wameru na Waembu wakiwa miongoni mwao, wakiwa wamevaa mavazi na mapambo yao ya jadi. Matokeo yake ni mamia ya picha ambazo zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa na Ikulu ya Nairobi. Mwaka 1967 alitoa kitabu kikubwa juu ya kazi hiyo, The Peoples of Kenya.

Msomaji atauliza picha za sura za watu zinahusiana vipi na mandhari. Jibu limo katika madhumuni ya mradi wenyewe. Watu hawa hawakuchorwa kama anavyochorwa gavana au askofu, ambaye picha yake ni picha ya mtu mmoja mwenye jina na cheo. Walichorwa kama vielelezo. Mzee alikuwa kielelezo cha uzee wa kabila lake, bi harusi kielelezo cha uharusi, mcheza ngoma kielelezo cha ngoma. Mapambo mengine yalikuwa yameshaanza kuachwa, na mradi uliharakishwa kwa hofu kwamba yangetoweka kabla hayajachorwa. Kwa ufupi, mtu alitazamwa kwa jicho ambalo Rousseau aliutazamia mwaloni: kitu adimu, kizuri, kilicho hatarini, ambacho mchoraji anakiokoa.

Kukiokoa kutokana na nini? Hapa ndipo tarehe zinapoanza kusema. Hali ya hatari ilitangazwa mwezi Oktoba 1952. Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekwa katika fungu moja la kiusalama, wakapewa pasi maalumu za kusafiria, wakachujwa kambini kwa kuhojiwa na kuteswa. Kuanzia mwaka 1954 zaidi ya watu milioni moja wa wilaya hizo walilazimishwa kuhamia vijiji vilivyozungushiwa handaki na seng'enge, na nyumba zao za awali zikateketezwa. Mwaka huohuo ukaja mpango wa Swynnerton wa kupima ardhi na kuigawa kwa hati za mtu mmojammoja. Serikali iliyomlipa mchoraji ahifadhi sura ya Mwembu wa jadi ndiyo iliyokuwa ikibomoa mahali ambapo Mwembu huyo aliishi. Mkono mmoja ulikuwa na brashi, wa pili una kiberiti, na vyote viwili vililipiwa na hazina moja.

Haitoshi kusema kwamba Adamson alikuwa kibaraka, na uhakiki unaotosheka na neno hilo ni uhakiki mvivu. Hakuna sababu ya kutilia shaka mapenzi yake kwa alichokichora; picha zenyewe zinashuhudia umakini wa mtu aliyezihesabu shanga moja moja. Tatizo la kimaadili ni kubwa zaidi kwa sababu mapenzi hayo yalikuwa ya kweli. Mtu asiyependa angeondoka bila kudai chochote. Anayependa hudai, na dai la mwokoaji lina sharti moja lililofichika: ili tendo lake liwe la kuokoa, kinachookolewa lazima kiwe kinakufa. Picha ya namna hii inahitaji kutoweka kwa anayechorwa. Mzee akirudi kesho na kofia ya pama na kitabu cha kodi mkononi, akitaka kujadili mpaka wa shamba lake, anakuwa ameiharibu picha. Mwaloni hauna uwezo wa kurudi kesho. Mzee wa Meru alikuwa nao, na tofauti hiyo ndiyo inayomtenga mchoraji wa watu na mchoraji wa miti hata wanapotumia jicho moja.

Mwaka 1956 George Adamson aliua simba jike aliyemshambulia, akawaleta nyumbani watoto watatu wa simba huyo. Mmoja ni Elsa. Kisa cha kulelewa na kurudishwa kwake porini, Born Free, kilichapishwa mwaka 1960 na kuenea duniani kwa mamilioni ya nakala. Elsa alikufa mwezi Januari 1961, akazikwa kando ya mto Ura, katika ardhi ambayo leo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Meru. Hifadhi hiyo yenye kilomita za mraba 870 ilitangazwa mwaka 1966, mwaka ambao filamu ya kisa hicho ilionyeshwa. Kabla ya hapo eneo hilo lilikuwa hifadhi ya wanyama chini ya serikali ya mtaa ya Meru, na fedha zilizotokana na Elsa zilichangia kuiendesha. Joy Adamson mwenyewe aliuawa huko Shaba mwezi Januari 1980, na majivu yake yakaletwa Meru.

Kwa hiyo safari yake ya kisanaa ilianza na maua, ikapita kwa watu, ikaishia kwa simba na nyika. Watu walikuwa kituo cha katikati, kisha wakatoka kwenye fremu. Katika nyika ya Elsa, jinsi ulimwengu ulivyoipokea, mtu mweusi yupo kama mpagazi, mpishi au jangili. Watharaka, ambao kwao mzinga uliotundikwa juu ya mti ni mali yenye mwenyewe na yenye kurithiwa, waliishi mpakani mwa ardhi hiyo, na sehemu ya nyuki, mbuzi na njia za kuendea maji ikageuka kosa la jinai mara mstari ulipopita. Elsa ana kaburi lenye jina lake, na wageni huonyeshwa. Ni simba tu, na heshima aliyopewa haimdhulumu mtu yeyote peke yake. Linalosumbua ni mpangilio wa hadhi unaodokezwa na kaburi hilo likiwekwa kando ya zile picha: mnyama alipata jina la pekee na wasifu wa kurasa mamia, ilhali mtu alichukuliwa kwanza kama mfano wa kabila.

Je, eneo hili lilikuwa na namna yake ya kutazama kabla ya jicho la mgeni? Mlima ambao ramani zinauita Kenya, Wameru wanauita Kirimara na Waembu Kirinyaa. Jomo Kenyatta alipochapisha kitabu chake mwaka 1938, alikiita Facing Mount Kenya, na jina hilo linastahili kusomwa kwa makini kuliko inavyofanywa kawaida. Kuelekea mlima si sawa na kuutazama mlima. Anayeelekea anasali, mlima ndio unaomwona. Mtazamaji wa Barbizon anasimama akiwa huru, kinachotazamwa kikiwa chini ya amri ya jicho lake. Mwenye kuelekea amejiweka chini ya hukumu ya kile kilicho mbele yake. Katika mkao huo hakuna mandhari kwa maana ya asili ya neno.

Vichaka vitakatifu vya eneo hili vilihifadhiwa kwa msingi wa mkao huo. Kichaka cha Mwenendega karibu na Runyenjes, ambapo masimulizi ya Waembu yanaweka chimbuko lao, msitu wa Giitune kwa upande wa Imenti, na vichaka vingi vya Mbeere ambamo kafara zilitolewa, havikulindwa kwa kuwa ni vizuri. Mtu hakukata mti humo kwa sababu mti ule ulikuwa na wenyewe, wengine wao wakiwa wamekufa zamani, na kuukata kulileta mkosi ambao ungehitaji mbuzi na wazee kuuondoa. Uzuri ulikuwepo, lakini haukuwa hoja.

Hapa panahitajika tahadhari, kwa kuwa mhakiki Mwafrika ana mtego wake mwenyewe. Tangu zamani tasnifu nyingi zimemchora mzee wa kichaka kama mhifadhi wa kwanza wa mazingira, mwenye hekima isiyo na doa, anayeishi kwa amani na kila jani. Hiyo nayo ni picha ya kimandhari. Imebadilisha mchoraji tu. Kichaka kilikuwa na mamlaka ndani yake. Si kila mtu aliruhusiwa kuingia, na waliokuwa na sauti juu yake walikuwa wanaume wa rika na daraja fulani, kama vile Njuri Ncheke ilivyokuwa baraza la wanaume wazee. Mwanamke au kijana aliyekatazwa kichaka na wazee hakuwa na furaha zaidi ya mwanakijiji wa Barbizon aliyekatazwa msitu na mlinzi wa serikali. Tena ulinzi wa kichaka ulitegemea hofu, na dini mpya na hati za ardhi zilipoiondoa hofu hiyo, vichaka vingi vilipungua au vikalimwa. Havikuvunjwa na mgeni peke yake. Vilivunjwa pia na wajukuu wa waliovitolea kafara, waliokuwa na watoto wa kusomesha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mwaka 1999 shirika la wanyamapori la Kenya lilifanya uchunguzi wa angani wa misitu ya Mlima Kenya, Imenti na Ngare Ndare, na ripoti yake ilionyesha uharibifu wa kutisha: miti ya kafuri iliyokatwa kwa maelfu, mashamba ya bangi katikati ya msitu wa asili, na sehemu za Imenti zilizobaki vipara. Mwaka uliofuata msitu wa hifadhi ukawekwa chini ya shirika hilo. Mbele ya picha hizo za angani, atasema mpinzani, falsafa ya mwenye kuni ni anasa, na heri Rousseau na amri yake ya kifalme. Hoja hiyo ina nguvu na haijibiwi kwa kumtaja mkoloni. Lakini ichunguzwe ilichothibitisha. Msitu ule ulikuwa umetangazwa kuwa wa serikali tangu mwaka 1932, na kilele cha mlima kuwa hifadhi ya taifa tangu 1949. Wakazi walikuwa wameambiwa kwa zaidi ya miaka 60 kwamba si wao. Walioukata kwa misumeno ya injini na malori walikuwa na soko, pesa na wa kuwalinda. Mwanamke mwenye mzigo wa kuni mgongoni hakuwa na kimoja kati ya hivyo, ingawa ni yeye aliyekuwa rahisi kukamatwa. Mstari uliochorwa kwa ajili ya jicho ulimwondoa shahidi aliyekuwa karibu zaidi, kisha pasiwe na wa kupiga kelele mwizi wa kweli alipoingia.

Hapa ndipo haki mbili zilizotajwa mwanzoni zinapoweza kutenganishwa. Anayetazama kwa upendo ana haki ya kushuhudia. Rousseau alikuwa na haki kamili ya kuchora Mauaji ya Wasio na Hatia na kumkera kila mwenye msumeno, kama Adamson alivyokuwa na haki ya kuketi mbele ya mzee wa Meru aliyekubali na kumchora. Haki ya ushahidi haihitaji umiliki, na dunia ingekuwa masikini bila hiyo. Lakini ushahidi hauamui kesi peke yake. Ukishageuka amri, ukawa mstari wa mpaka au picha katika ukuta wa Ikulu inayosema hivi ndivyo Mwembu alivyo, mwenye kushuhudia anakuwa hakimu katika shauri ambalo yeye ni mmoja wa wadai. Mwenye kuni naye hana haki ya kumaliza msitu kwa kuwa tu ameuzaliwa. Ana haki iliyo ndogo na ngumu zaidi kuiondoa: haki ya kuhojiwa kwa jina lake kabla mpaka haujachorwa, na ya kuonekana katika picha akiwa na kazi mikononi.

Fasihi ya Kiswahili iliyotoka eneo hili imelielewa jambo hilo pengine kabla ya uhakiki wake. Katika Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia, mwandishi mzaliwa wa Tharaka, kisima cha Butangi si mandhari kwa maana ya aya moja ya mtihani. Ni mahali ambapo utawala wa Bokono unagusa koo la mtu, na ndipo Mwelusi anapouawa. Mwandishi hatumii muda mrefu kukisifu kisima hicho. Hakuna mhusika anayekitazama. Kila mmoja anakihitaji, anakinyimwa, anakilinda au anakivizia. Anayetaka kuihakiki tamthilia hiyo kwa kuorodhesha sifa za mandhari atatoka mikono mitupu, na kosa halitakuwa la tamthilia. Afadhali aulize nani anateka maji, kwa idhini ya nani, na nani anatazama akiwa na chombo kilichojaa. Maswali hayo yakipelekwa kwenye turubai za Fontainebleau, hata zile zisizo na mtu zinaanza kuonekana kuwa na watu walioondolewa.

Limo katika maisha ya Rousseau tukio moja linalofanya hukumu juu yake isiwe nyepesi. Mwaka 1855, mafanikio yake yalipokuwa yamewadia, rafiki yake Millet alikuwa bado anahangaika na madeni. Millet alikuwa amechora picha ya mkulima aliyeinama shambani, akiunganisha chipukizi la mti mmoja katika shina la mwingine, huku mkewe aliyempakata mtoto amesimama karibu akimwangalia. Kazi anayoifanya mkulima huyo ni ileile inayofanywa katika vitalu vya makadamia na parachichi vya Embu na Meru: kisu kikali, mkato wa mshazari, uzi wa kufungia. Mti katika picha hiyo umejeruhiwa na mkono ule unaoutunza. Rousseau aliinunua kwa faranga 4,000, bei kubwa kwa wakati huo, na kwa kuwa alijua Millet asingekubali msaada, alimficha ukweli kwa kumwambia kwamba mnunuzi ni Mmarekani mmoja.